Kujifunza gitaa kavu ukubwani: miezi minne ya mwanzo

Nilishika gitaa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43, mhasibu, baba wa watoto watatu, mwimbaji wa besi katika kwaya kwa zaidi ya miaka kumi. Wiki ya kwanza nilidhani tatizo langu ni vidole. Wiki ya tatu nikaamini ni umri. Mwaka ulikaribia kuisha ndipo nikatambua kwamba kilichokuwa kinanitesa ni sikio.

Mtoto wa miaka tisa akigusa uzi ukalia kama kopo, anacheka na kuugusa tena. Mtu mzima hawezi. Ameshasikiliza dansi, rumba, benga na injili kwa miaka thelathini, anajua kabisa gitaa linavyotakiwa kulia, na sasa mikononi mwake mwenyewe kinatoka kitu kama mlango wa bati siku ya upepo. Sikio limeshafika Morogoro, mkono bado uko stendi ya Mbezi unakata tiketi. Watu wazima ninaowafahamu walioacha gitaa hawakushindwa na maumivu. Waliona aibu kusikika na mke, na mume, na watoto, na mpangaji wa chumba cha pili.

Kwa hiyo karibu kila ninachokushauri hapa chini kina kazi moja: mkono uendelee na safari hata kama sikio linalalamika.

Ninaposema gitaa kavu namaanisha lile la mbao lenye tundu tumboni, lisilochomekwa popote, ambalo wazee wa dansi waliliita galatoni. Umeme ukikatika ndiyo saa yake nzuri kuliko zote. Runinga imezima, watu wako nje wanapunga upepo, na gizani unalazimika kuzitafuta nyuzi kwa kugusa.

Kwanza gitaa lenyewe lipimwe

Gitaa baya limewakatisha tamaa wengi kuliko mwalimu mbaya, kwa sababu mwanafunzi hajui kama kosa ni lake au ni la chombo. Hata kama limenunuliwa Kariakoo jana, lipime.

Jua kwanza ni la aina gani. Lenye nyuzi za nailoni lina shingo pana, kwa kawaida kama milimita 52 pale juu nyuzi zinapoingia kichwani, na nyuzi zake ni laini kwa kidole. La nyuzi za chuma ni jembamba zaidi, kama milimita 43 au 44, na sauti yake inawaka. Fundi ujenzi au makanika anayesema "vidole vyangu vinene, vinagusa nyuzi mbili kwa mpigo" ajaribu la nailoni kabla hajakata tamaa. Jambo moja usilifanye kamwe: kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya kawaida ya chuma inavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, ya nailoni kama 40. Daraja, kile kipande cha mbao tumboni nyuzi zinapofungwa, litang'oka, au tumbo litafura.

Kisha angalia urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Chukua rula, pima kwenye freti ya 12, yaani kijiti cha chuma cha 12 ukihesabu kutoka kichwani. Kwenye gitaa la chuma, uzi mnene ukiwa juu ya kijiti kwa milimita 2.5 hivi, uko vizuri. Uzi mwembamba uwe chini kidogo ya hapo. La nailoni huwa juu zaidi kwa milimita moja hivi, na hiyo ni kawaida yake. Ukikuta la chuma lina milimita nne au tano, unanyanyua vyuma bila sababu.

Jaribio la pili nalipenda zaidi kwa sababu halihitaji rula. Funga kapo, yaani kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza, halafu bonyeza kodi yoyote, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Ikiwa ghafla mambo yamekuwa rahisi mno, basi mifereji ya kile kipande cheupe kilicho juu ya shingo haijachimbwa vya kutosha. Fundi anaichimba kwa muda mfupi. Nilipiga miezi miwili nikilaani mikono yangu kabla mtu hajanifanyia jaribio hilo. (Nikisema kodi ni kodi za gitaa. Mimi mhasibu, zile nyingine nazijua vizuri.)

Mwambie pia anayekuuzia nyuzi za chuma akupe nyembamba. Ukiona pakiti inaanza na 0.010 au 0.011, hiyo ndiyo ya kuanzia, 0.012 inaweza kungoja mwakani. Na kama unaishi pwani, usione haya kuwa na gitaa la plaiwudi. Mbao nzima hulia vizuri zaidi, lakini ndizo zinazosumbuka na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa. Chumvi ya hewani na jasho hula nyuzi haraka, hivyo futa kila uzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza. Usiliache ndani ya gari juani hata kwa saa moja. Gundi ya daraja haivumilii joto hilo.

Litoke kabatini

Gitaa lililo ndani ya mfuko, mfuko uko juu ya kabati, kabati liko chumba cha kulala ambako mtoto amelala: hilo halitapigwa. Kati yako na uzi wa kwanza zisizidi sekunde kumi. Langu liko kwenye kona ya sebule, limeegemezwa ukutani na kizuizi miguuni, mbali na dirisha. Mtoto mdogo akitaka kuligusa, aguse. Bora mkwaruzo kuliko vumbi.

Lifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Kwangu ni baada ya chakula cha usiku, mikono ikishanawiwa na kukauka. Kwa jirani yangu mmoja ni kati ya swala ya magharibi na isha. Usichague muda "nitakapokuwa na nafasi", kwa sababu mtu mwenye familia hana nafasi, ana nyufa tu kati ya kazi moja na nyingine. Na usipige mara tu baada ya kufua au kuoga maji ya moto. Ngozi ikiwa imelainika, nyuzi zinakata.

Kuhusu aibu ya nyumba ya kupanga: kunja kipande cha kitambaa au sponji, kisukumie chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja. Sauti inashuka hadi kunong'ona. Utapiga saa tano usiku na hakuna atakayegonga ukuta. Nilitumia kitambaa hicho wiki sita za mwanzo, na naamini bila hicho ningeacha.

Kutyuni, kila mara, bila kuchoka

Nyuzi ni sita. Tunazihesabu kutoka chini ukiwa umelipakata, yaani nyembamba kabisa ni ya kwanza, nene kabisa ni ya sita. Kutoka ya sita kwenda ya kwanza noti zake ni E, A, D, G, B, E. Simu janja yoyote inapata programu ya bure ya kutyuni: piga uzi mmoja, sindano ikae katikati. Ukipitiliza juu, lege­za chini ya noti, halafu panda taratibu. Uzi unaotulia kwa kupanda hukaa muda mrefu kuliko unaotulia kwa kushuka.

Jifunze na njia ya sikio, maana ndiyo itakayokurudishia amani na sikio lako. Bonyeza uzi wa sita freti ya 5: sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano mtupu. Wa tano freti ya 5 ni wa nne. Wa nne freti ya 5 ni wa tatu. Hapa pana mtego: wa tatu ni freti ya 4, si ya 5, ili kupata wa pili. Kisha wa pili freti ya 5 ni wa kwanza. Zinapokaribiana utasikia mawimbi, wou-wou-wou. Yanapozidi kupungua mwendo hadi kukoma, umefika.

Usipige hata siku moja gitaa lisilotyuniwa. Mazoezi mazuri kwenye nyuzi zilizolegea ni kumwambia sikio lako kwamba lilikuwa na haki ya kulalamika.

Unapiga au unalinyonga?

Nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga ridhim katika bendi ya dansi. Nikafika, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Haya, tuone." Nikakamata kodi yangu ya pekee. Akaangalia mkono wa kushoto kwa muda, hakuangalia wa kulia kabisa.

"Hilo gitaa limekukosea nini?"

"Kwa nini, mzee?"

"Naona unalinyonga shingo."

Alikuwa sahihi. Kucha zilikuwa nyeupe kwa kubana, bega limepanda sikioni. Alinifundisha kitu ambacho nimekiona kikiwasaidia wengine wote niliowaelekeza baadaye. Weka kidole juu ya uzi bila kubonyeza. Piga: utasikia *tk*. Ongeza nguvu kidogo, piga: *tk*. Ongeza tena. Kuna mahali uzi unalia wazi. Simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu yote inayohitajika, na utashangaa ilivyo ndogo. Kidole kikae nyuma tu ya kijiti, karibu kukigusa, si katikati ya vijiti viwili. Ukikaa katikati unahitaji nguvu zaidi na bado uzi unakoroma. Gumba likae mgongoni mwa shingo, limelala bila kusukuma. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe hadi mwisho. Akina dada, mnisamehe, hapa hakuna njia ya mkato; za kulia zibaki.

Ncha za vidole zitauma. Ukipiga kila siku kidogo, baada ya wiki tatu au nne zinaota sugu na habari inaishia hapo. Lakini tofautisha maumivu. Ngozi kuuma ni sawa. Kifundo cha mkono, kiwiko, bega, au ganzi inayotambaa hadi kidole cha mwisho, si sawa: weka gitaa chini siku hiyo, na kesho angalia ulivyokaa. Mara nyingi utakuta umekunja kifundo ili uone vidole vyako. Acha kuvichungulia. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo umenyooka, gitaa lisimame wima badala ya kulala mapajani.

Kwa mashoto: jaribu kwanza kupiga kama wengine wanavyopiga. Kama mkono unakataa kabisa, tafuta gitaa la mashoto. Kugeuza nyuzi tu kwenye gitaa la kawaida hakutoshi, kwa sababu kwenye la chuma mfupa wa daraja, kile kipande chembamba nyuzi zinapokalia, umewekwa mshazari kwa mpangilio wa upande mmoja.

Kodi tatu, yaani do, fa na sol

Kama umewahi kuimba kwaya kwa nota, una mtaji ambao hujui kuwa unao. Mapambio mengi, nyimbo nyingi za dansi na benga, nyimbo za harusi, zimesimama juu ya nguzo tatu: kodi ya do, ya fa na ya sol. Ukichukua A kuwa do, basi fa ni D na sol ni E. Nakushauri uanze na hizo tatu na si na C, F, G ambazo vitabu vingi hupenda. F ni kodi ya kubana nyuzi kwa kidole kizima. Imewafukuza watu wazima wengi, na hakuna sababu ya kukutana nayo mwezi wa kwanza.

A: vidole vyote vitatu viko freti ya 2. Kidole cha shahada kwenye uzi wa tatu, cha kati uzi wa nne, cha pete uzi wa pili. Uzi wa sita usipigwe.

D: shahada uzi wa tatu freti ya 2, cha kati uzi wa kwanza freti ya 2, cha pete uzi wa pili freti ya 3. Piga kuanzia uzi wa nne kushuka.

E: shahada uzi wa tatu freti ya 1, cha kati uzi wa tano freti ya 2, cha pete uzi wa nne freti ya 2. Piga nyuzi zote sita.

Sasa angalia shahada. Katika kodi zote tatu iko uzi wa tatu. Kutoka A kwenda D haisogei kabisa; kwenda E inateleza nyuma freti moja bila kuinuka. Wengi hufundishwa A kwa mpangilio mwingine wa vidole, na wengi hao huinua mkono mzima kila wanapobadilisha, kama mtu anayevuka mto kwa kuruka wakati daraja lipo. Shahada ndiyo daraja lako. Isiinuke.

Zoezi lenyewe: weka saa ya simu dakika moja. Badilisha A na D, piga mara moja kila kodi, hesabu umebadilisha mara ngapi. Andika. Siku ya kwanza mimi nilipata mara 9, mbili kati yake zikiwa bubu. Usijali usafi sana katika dakika hiyo, hesabu tu. Kesho tena. Kisha D na E, kisha E na A. Ukifika mara 30 unaweza kupiga pambio la taratibu bila kusimama. Ukifika 50 au 60 vidole vinajua njia kuliko wewe. Daftari hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana sikio litakwambia kila usiku kwamba hujasogea, na daftari litakuonyesha 9, 11, 11, 14, 13, 17. Mhasibu hubishana kwa karatasi, si kwa hisia.

Kama A ni chini mno kwa sauti yako, usijifunze kodi mpya. Funga kapo. Ikiwa freti ya 3, umbo lilelile la A linatoa C, na kwaya nzima inaweza kuimba.

Baada ya hizo tatu kukaa, ongeza G, C na Am katika mwezi wa tatu. Am na C zinagawana vidole viwili, anayehama ni wa pete peke yake, hivyo anza na jozi hiyo.

Dakika kumi na tano

Nilijaribu saa mbili kila Jumamosi kwa miezi miwili. Kila Jumamosi nilianza upya. Vidole havikumbuki Jumamosi iliyopita, vinakumbuka jana. Dakika 15 kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, zimenifikisha mbali kuliko saa hizo zote. Hata siku ambayo huna nguvu, fanya dakika tatu: tyuni, badilisha kodi dakika moja, piga wimbo mara moja, rudisha.

Jinsi ninavyozigawa: mbili za kutyuni na kupasha vidole, tano za kubadilisha kodi kwa saa, tano za wimbo mmoja (mmoja tu, hadi uishe), na tatu za kupiga chochote bila malengo. Hizo tatu za mwisho usizinyang'anye. Ndizo zinazokufanya ulirudie gitaa kesho.

Katika zile tano za wimbo kuna tabia moja ya watu wazima inayopaswa kuvunjwa mapema. Tunakosea mstari wa tatu, tunarudi mwanzo. Tunakosea tena palepale, tunarudi mwanzo. Matokeo yake mstari wa kwanza unakuwa mzuri ajabu, na wa tatu haujawahi kufanyiwa mazoezi. Toa ile sehemu inayokushinda, labda ni kodi mbili tu, zirudie mara kumi taratibu kiasi kwamba huwezi kukosea, kisha zirudishe mahali pake. Ukipiga wimbo mzima, pigo lisisimame hata ukikosea. Kodi mbovu iliyofika kwa wakati hupita. Kodi safi iliyochelewa kila mtu anaisikia.

Mkono wa kulia na jiko la mkaa

Umeshamwona mtu akipepea jiko. Mkono unakwenda chini na juu, chini na juu, haujali kama moto umeshika au bado. Ndivyo mkono wa kucharaza unavyotakiwa kuwa. Hesabu: *moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na*. Kwenye namba mkono unashuka, kwenye "na" unapanda. Mwanzoni piga zile za kushuka tu, nne. Kisha zote nane.

Baada ya wiki moja, jaribu hii: shuka kwenye moja, shuka na panda kwenye mbili-na, kwenye tatu mkono ushuke hewani bila kugusa nyuzi, panda kwenye "na", shuka na panda kwenye nne-na. Chini, chini-juu, juu-chini-juu. Ile tatu ya hewani ndiyo siri. Mkono ukisimama kuisubiri, mapigo yanakufa. Ukipepea hewani kama kawaida, yanacheza yenyewe. Fanya kwanza bila gitaa, ukipiga paja lako, hata ndani ya daladala. Watu watakuangalia, wameona mengi zaidi ya hayo.

Kutunza mwendo, tumia metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 60 kwa dakika, na uongeze manne manne. Lakini kuna kitu kizuri zaidi kuliko ule mlio mkavu wa simu. Magharibi mwa Kenya, wapiga gitaa wa mtindo wa omutibo walisindikizwa na chupa ya soda iliyogongwa kwa chuma. Mpe mwanao chupa ya kioo na kijiko. Mwambie agonge bila kukusubiri. Binti yangu wa miaka kumi hana huruma hata kidogo, na katika wiki mbili alinirekebisha kuliko programu yoyote. Tena aibu ya kusikika na watoto inayeyuka pale mtoto anapokuwa mwanamuziki mwenzio.

Gumba na shahada vinatosha

Mwezi wa tatu utatamani kudonoa nyuzi badala ya kucharaza tu. Utaambiwa utumie vidole vinne vya mkono wa kulia. Ukitaka, sawa. Lakini Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya kule Katanga, ambaye mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alipiga kwa gumba na shahada peke yake, na ukisikiliza utadhani ni watu wawili. Kwa mtu mzima mwenye dakika 15 mtindo huu ni neema: viungo viwili tu vya kufundisha.

Kamata E. Gumba lipige uzi wa sita, shahada ivute uzi wa pili, gumba uzi wa nne, shahada uzi wa kwanza. Rudia hadi usihesabu tena. Kazi ya gumba ni kutembea, sita-nne, sita-nne, kwa uzito uleule, kama mguu wa cherehani. Ukihamia A, gumba linatembea tano-nne. Kwenye D linatembea nne-tatu. Usiongeze kingine chochote hadi uweze kuzungumza na mtu huku gumba linaendelea. Hili lilinichukua wiki tano. Siku lilipotulia nilikuwa namjibu mke wangu kuhusu luku, nikagundua gumba halijakosea.

Tahadhari hapa. Ukisikiliza wakubwa, wasikilize ili ushibe, si ili ujipime. Mimi naishi Morogoro, mji wa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 34, miaka tisa chini ya umri nilioanzia mimi. Usiku mmoja nilipiga hesabu hiyo na gitaa likakaa chini siku kumi.

Jirekodi, na usisikilize

Kila Jumapili rekodi dakika moja kwa simu. Anza kwa kutaja tarehe, kisha piga wimbo wako wa wiki. Funga. Usiisikilize hadi ziwe nne. Ukisikiliza leo ulichopiga leo, sikio lako litatoa hukumu ileile. Ukisikiliza ya kwanza na ya nne kwa kufuatana, sikio lenyewe ndilo litakalokuwa shahidi wako.

Karibu na wiki ya nane, piga mbele ya mtu. Si jukwaani. Mtu mmoja, wimbo mmoja, tena mtu anayependa kuimba, kwa sababu akiimba yeye hakuna anayekusikiliza wewe. Kwangu ilikuwa jumuiya ya mtaani, watu tisa, pambio la kodi tatu. Katikati nilipotea, nikabaki kwenye A kwa mistari miwili mizima. Waliendelea kuimba. Mama mmoja baadaye alinishukuru, akaniuliza kama najua na lile lingine. Sikulijua. Nililijua wiki iliyofuata.

Ukipitiwa na wiki mbili

Utapitiwa. Msiba, mahesabu ya mwisho wa mwaka, mtoto kalazwa. Ukirudi, sugu zimelainika kidogo na ile hesabu yako ya dakika moja imeshuka, tuseme kutoka 40 hadi 28. Itarejea ndani ya siku nne au tano, si ndani ya wiki mbili, kwa hiyo usianze kozi upya na usijiadhibu kwa saa nzima, utatoa malengelenge.

Usiku wa kwanza, dakika tano tu. Futa vumbi. Angalia kama nyuzi zimeshika kutu. Ukipitisha kidole zikakwaruza, badilisha, moja moja, ukitoa uzi mmoja na kufunga mwingine kabla hujagusa wa pili yake. Nyuzi mpya zitalegea kwa siku mbili tatu, usidhani umekosea kufunga. Tyuni. Piga ule wimbo unaoujua zaidi, mara moja, na kitambaa chako pale darajani kama unaona haya. Kisha andika 28 kwenye daftari, chini ya 40.